Tanga la mbele limeuzwa kama "asilimia 140", kwangu linatoka 124. Nani kakosea hesabu?

#1 Mpiga_Bishi

Wakuu, habari zenu. Nimenunua tanga la mbele lililokwisha kutumika. Tangazo lilisema "jenoa, asilimia 140, hali nzuri". Kuhusu hali sina ugomvi, kitambaa bado kigumu na mishono imekaa. Ugomvi wangu ni ukubwa. Nimelitandaza sakafuni nikapima kingo zote tatu:

Ukingo wa mbele, ule unaopanda kwenye waya: mita 11.6
Ukingo wa nyuma: mita 10.7
Ukingo wa chini: mita 5.6

Kwenye chombo changu, kutoka uso wa mbele wa mlingoti hadi mguu wa waya wa mbele, pale kwenye sitaha, ni mita 4 kamili. Kutoka sitaha hadi waya unapoushika mlingoti juu ni mita 12. Kwa hiyo pembetatu ya mbele ni 12 mara 4 gawa kwa 2, yaani mita za mraba 24. Eneo la tanga nimelitafuta kwa kanuni ya Heron, ile inayotoa eneo la pembetatu kwa urefu wa kingo zake tatu, limetoka 29.8. Ukigawa 29.8 kwa 24 unapata asilimia 124. Hiyo 140 imetoka wapi? Nimepigwa?

#2 Jarari

Hujapigwa mkuu. Gawa 5.6 kwa 4 uone.

#3 Mpiga_Bishi

1.4. Aisee. Kwa hiyo ni ukingo wa chini kugawa kwa umbali wa sitaha tu? Siku mbili nzima nahangaika na Heron bure.

#4 Sindano_na_Uzi

Jarari, usimpotoshe mwenzio. Mpiga_Bishi, hukuhangaika bure, utamhitaji tena huyo Heron sasa hivi.

Asilimia ya tanga la mbele haipimwi kwa ukingo wa chini, na haipimwi kwa eneo. Inapimwa kwa upana, na huo upana una mahali pake maalumu. Shika kona ya nyuma ya chini, pale inapofungwa demani, kamba ya kuvutia tanga. Kutoka hapo nenda hadi ukingo wa mbele kwa njia fupi kuliko zote. Njia hiyo lazima iukute ukingo wa mbele kwa pembe mraba. Ndiyo inayoandikwa LP kwenye karatasi za washonaji. Ule umbali wa sitaha, ambao kwako ni mita 4, unaitwa J, na kimo cha mita 12 kinaitwa I. Asilimia ni LP kugawa kwa J, mara 100. Basi.

Sasa mrudie Heron. Eneo la pembetatu ni ukingo wa mbele mara LP, gawa kwa 2. Eneo unalo, ukingo wa mbele unao. LP = 2 × 29.8 ÷ 11.6, ambayo ni kama mita 5.14. Gawa kwa 4: asilimia 128 na ushee.

Kwa hiyo tanga moja, chombo kimoja, majibu matatu: 140 kwa ukingo wa chini, 128 kwa LP, 124 kwa eneo. Mshonaji akikuuliza "asilimia ngapi?", anataka la katikati.

#5 Mwanagenzi

Samahani wakubwa, naomba kueleweshwa. Jenoa ni nini na jibu ni nini? Au ni kitu kimoja?

#6 Jarari

Jibu la swali lako ni kwamba jibu ni jibu 😂

Tuandike "jibi" tusichanganyane. Yote ni matanga ya mbele. Likiishia mbele ya mlingoti ni jibi. Likipitiliza mlingoti likaja nyuma kandokando ya tanga kuu, ni jenoa. Jina limetoka mji wa Genoa, Italia. Mswidi Sven Salén alilitumia kwenye mashindano ya huko mwaka 1926, wenzake wakaona anavyowaacha.

#7 Kasi_Kwanza

Mimi napingana na Sindano hapa. Kinachosukuma chombo ni eneo. Mita za mraba ndizo zinazokamata upepo. Upana peke yake unaniambia nini? Tanga pana na fupi, na tanga pana na refu, vyote "asilimia 130"? Huo si upimaji.

#8 Sindano_na_Uzi

Kasi, hapo umesema kweli na bado hujanipinga. Chukua chombo cha Mpiga_Bishi. Asilimia 130 kwake ni LP ya mita 5.2. Shona moja lenye ukingo wa mbele wa mita 12.3, eneo ni karibu mita za mraba 32. Shona lingine lenye ukingo wa mbele wa mita 10.5, eneo ni 27.3. Tofauti ni karibu mita tano za mraba na yote mawili ni "130". Ndiyo maana mimi siku zote namwomba mteja urefu wa ukingo wa mbele kabla hajanitajia asilimia yoyote.

Lakini asilimia ina kazi yake. Inakuambia tanga linapitiliza mlingoti kwa kiasi gani, na hilo ndilo linaloamua demani ipite wapi, tanga litagusana vipi na waya za pembeni, na utapata taabu gani kila unapopindua kupiga bishi, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa kukatakata pande. Eneo halikwambii hayo. Mita za mraba 29.8 zinaweza kuwa tanga refu jembamba lisilofika hata kwenye mlingoti.

#9 Mpiga_Bishi

Swali. Nilidhani asilimia 100 ni tanga linalojaza ile pembetatu ya mbele sawasawa, toka waya hadi mlingoti. Na hilo nalo sivyo?

#10 Sindano_na_Uzi

Karibu, ila sivyo. Hapa watu wengi huteleza, tulia kidogo.

Tanga linalojaza pembetatu yako sawasawa lina ukingo wa chini wa mita 4, umelala na sitaha. Lakini LP hailali na sitaha. Inapanda kidogo kwenda mbele ili iukute waya kwa pembe mraba, na waya wako umelala nyuma, haujasimama wima. Kwa I ya 12 na J ya 4, waya unafanya pembe ya nyuzi 71 na nusu hivi na sitaha. Kwa hiyo LP ya tanga hilo ni mita 3.79. Gawa kwa 4: asilimia 95. Tanga linalojaza pembetatu kamili ni la asilimia 95 kwako.

Ligeuze sasa. Tanga la asilimia 100 lenye ukingo wa chini ulalao na sitaha, ukingo huo utakuwa mita 4.22. Linapita mlingoti kwa sentimita 22. Na kama ukingo wake wa mbele umeujaza waya wote, mita 12.65, eneo lake ni 25.3, si 24. Ndiyo maana asilimia ya LP na asilimia ya eneo hazikutani hata kwenye mia.

#11 Mzee_wa_Tezi

Vijana mnafanya kazi nzuri. Niongeze moja ambalo halijaguswa: kona ya demani ikiwa juu.

Kuna matanga ya safari ndefu ambayo kona ya nyuma imepandishwa, ili mawimbi yasilipige kwa chini na nahodha aone mbele. Ukiyaangalia utadhani ni madogo. Yaweke sakafuni upime LP na ukingo wa mbele, mara nyingi ni yaleyale. Kona ikipanda sambamba na waya, LP haibadiliki, eneo halibadiliki. Kinachobadilika ni ukingo wa nyuma kufupika na ukingo wa chini kurefuka. Sasa yule anayepima kwa ukingo wa chini kama Jarari atakuambia tanga limekua, kumbe limepandishwa kona tu.

#12 Jarari

Mzee umenimaliza. Nakubali yaishe.

#13 Mwanagenzi

Hiyo LP mnaipimaje kwa mkono, bila Heron? Hesabu na mimi hatujawahi kuelewana.

#14 Sindano_na_Uzi

Rahisi kuliko hesabu. Tandaza tanga mahali pasafi na tambarare. Vuta ukingo wa mbele unyooke, mtu ashike kichwa, yaani kona ya juu, na mwingine gosi, kona ya mbele ya chini, au uwawekee vitu vizito. Kisha weka sifuri ya futikamba kwenye kona ya demani, nenda na futikamba hadi ukingo wa mbele, uizungushe polepole juu na chini kama mkono wa saa. Namba itapungua, itapungua, kisha itaanza kupanda tena. Ile ndogo kuliko zote ndiyo LP.

Usilivute tanga kama ngoma. Vuta kiasi cha kuondoa mikunjo kwenye mstari unaoupima, basi. Na sifuri ianzie kwenye kona yenyewe ya kitambaa, sio katikati ya pete. Nimewahi kuletewa vipimo vya tanga ambavyo aliyepima alianzia kwenye fundo la demani! Tanga likatoka pana kuliko chombo.

Heron ana kasoro moja: anadhani kingo zote zimenyooka. Ukingo wa nyuma wa jenoa huwa umeliwa kidogo kwa ndani ili usipepesuke, na ukingo wa chini huwa umetuna kwa nje. Kwa hiyo namba ya Heron ni ya kukaribia tu.

Na J nayo ipimwe vizuri. Inaanzia uso wa mbele wa mlingoti, sio katikati yake, hadi pale mstari wa waya unapoikuta sitaha. Kama waya umeshikwa juu ya kipande cha chuma kilichosimama omoni, fuata mstari wake kwa macho hadi chini. Kosa la sentimita 10 kwenye J ya mita 4 linakupotosha asilimia tatu hivi.

#15 Kasi_Kwanza

Haya, mimi wa mashindano nilete upande wangu, maana kule nako hatutumii asilimia kama mnavyodhani.

Zamani ndiyo, asilimia ilitawala. Chini ya IOR, kanuni za zamani za kupimia vyombo vya mashindano, ukizidi 150 uliadhibiwa, ndipo kila mtu akashona jenoa ya 150. Makundi mengi yanayotumia PHRF, mfumo wa kusawazisha vyombo tofauti kwenye mashindano, bado yanahesabu kwamba tanga lako kubwa ni 155, ukiwa na dogo unapewa nafuu. Matanga yakapewa namba: namba 1 kwenye 150 au 155, namba 2 kwenye 130 na kitu, namba 3 kwenye 100 hivi au chini yake. Hizo namba hazina sheria, kila mtu anazitaja kwa mazoea ya chombo chake. Namba 3 ya mmoja inaweza kuwa namba 2 ya mwingine.

Siku hizi kwenye IRC, kanuni nyingine ya kupimia vyombo vya mashindano, wanapima eneo, na wanalipima kweli. Mbali na ukingo wa mbele na LP, wanachukua upana sehemu tatu za juu: nusu ya ukingo wa nyuma, robo tatu, na saba ya nane. Nusu unaipata kwa kukunja kichwa kikutane na kona ya demani. Unakunja tena kupata robo tatu, na tena kupata saba ya nane. Halafu: LP mara 4, upana wa nusu mara 6, wa robo tatu mara 3, wa saba ya nane mara 2, ongeza 0.09, yote zidisha kwa ukingo wa mbele na kwa 0.0625.

Ukiweka pembetatu iliyonyooka mle ndani, ukaiacha ile 0.09, unarudi kwenye nusu ya ukingo wa mbele mara LP, ileile ya Sindano. Kama ukingo wa nyuma umetuna na una vipapi, vile vijiti vya kuukaza, namba inapanda. Ndiyo haki yenyewe, maana matanga ya kisasa ya mbele hayapiti sana mlingoti lakini juu ni mapana. Vyombo vingi vipya waya zake za pembeni ziko ukingoni kabisa mwa sitaha, jenoa ya 150 haiwezi kuvutwa ndani. Wanaishia 105, 108. Ukimuuliza asilimia, atakutajia namba ndogo huku anakupita.

#16 Mzee_wa_Tezi

Na tanga la dhoruba halijui asilimia ya J kabisa. Kanuni za usalama za World Sailing, shirikisho la dunia la mchezo wa matanga, kwa mashindano ya bahari ya mbali zinalipima kwa kimo: eneo lisizidi asilimia 5 ya I mara I, na ukingo wa mbele usizidi asilimia 65 ya I. Kwa Mpiga_Bishi, 12 mara 12 ni 144, asilimia 5 yake ni mita za mraba 7.2, ukingo wa mbele usizidi mita 7.8. Lile la upepo mkali, kabla ya dhoruba, lisizidi asilimia 13.5 ya hiyo 144, yaani 19.4. Hapo utaona "asilimia" moja ina maana tofauti kwa kila karatasi, na mtu akikutajia lazima umwulize ya nini.

#17 Mpiga_Bishi

Nimerudi, wakuu. Nimefanya kama alivyoelekeza Sindano, na mwenzangu kashika kichwa. LP kwa futikamba ni mita 5.13. Kwa J yangu ni asilimia 128. Sasa nina ushahidi. Namwandikia muuzaji leo hii, maana alipima kwa ukingo wa chini akaniandikia 140. Nusu ya bei irudi.

#18 Sindano_na_Uzi

Kabla hujaandika kwa hasira. Ukingo wa chini ulio nao unatoa 140 ukigawa kwa J *yako*. Huyo muuzaji aliijua J yako?

#19 Mpiga_Bishi

...hapana. Sikumwambia. Hata mimi sikuwa naijua siku hiyo.

#20 Sindano_na_Uzi

Basi hiyo 140 haikutoka kwa 5.6 gawa kwa 4. Imesadifu tu. Muulize kwa upole J ya chombo kilichokuwa na hilo tanga.

#21 Kasi_Kwanza

Wakati anasubiri: mkuu, ukingo wa mbele wa 11.6 unakaa kwako? Upana ukizidi unaweza kuishi nao, demani unaisogeza. Urefu ukizidi hautweki, kisu lazima kiingie. Una rola, ile ya kukunjia tanga kwenye waya?

#22 Mpiga_Bishi

Ninayo. Ukitoa chungu ya chini inayozungusha rola na kile kizungushio cha juu kinachoshika kichwa cha tanga, nafasi inayobaki kwenye waya ni mita 11.8.

#23 Kasi_Kwanza

Afadhali. Ila usiache zile sentimita 20 hivihivi. Kizungushio kikibaki chini, henza, kamba ya kutwekea tanga, inalala sambamba na waya, na siku utakapokunja tanga henza itajiviringisha humo humo na rola igome katikati ya upepo. Funga ukanda wa sentimita 20 kati ya kichwa cha tanga na kizungushio, kifike juu panapotakiwa.

Na ukishalikunja nusunusu kupunguza eneo, usitegemee miujiza. Jenoa ya 130 ukiikunja hadi karibu 100 bado ina umbo. Zaidi ya hapo inakuwa mfuko, inakulaza ubavu bila kukupeleka mbele.

#24 Mpiga_Bishi

Muuzaji kajibu. Nanukuu vipimo tu: J ya chombo chake mita 3.66. LP aliyopewa na mshonaji wakati linashonwa, 5.13.

5.13 gawa kwa 3.66...

#25 Jarari

1.40 😂😂😂

#26 Mwanagenzi

Ngoja. Kwa hiyo muuzaji alikuwa sahihi? Na Mpiga_Bishi naye yuko sahihi? Tanga ni lilelile?

#27 Sindano_na_Uzi

Lilelile. Kule 140, huku 128. Likihamia chombo chenye J ya mita 4.7 litakuwa 109, bila kuguswa na mkasi. Ndiyo maana kwenye tangazo mtu angeandika tu 11.6 na 5.13, kila mnunuzi angegawa mwenyewe.

#28 Mpiga_Bishi

Nimeshamwomba radhi, bahati nzuri sikuwa nimetuma ile barua ya kwanza. Kanijibu vizuri, na kaniambia ukanda wa sentimita 20 anao, uko kwenye begi lilelile la tanga, mfuko wa pembeni. Nimekwenda kuangalia. Upo.

Msimamizi, kama kuna uwezekano, naomba kichwa cha uzi kibadilishwe.

#29 Jarari

Kisibadilishwe.